Gemu za vigae vya piano: zinaniharibia mkono na mwendo?

"Mwalimu, hujambo. Nina miaka 22, naishi Kayole, na napiga kinanda kanisani kwetu tangu nikiwa kidato cha pili. Mwaka huu najiandaa kwa mtihani wa piano wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, Gredi ya 5. Safari ya kwenda mjini na kurudi hunichukua kama saa tatu kwa siku, na ndani ya matatu huwa nacheza zile gemu za vigae vya piano kwenye simu, unagusa vigae vyeusi vinavyoshuka na wimbo unatoka, nikiwa na vipokea sauti vya Bluetooth masikioni. Nilidhani ni mazoezi ya bure. Sasa mwalimu wangu anasema ninakimbia, mwalimu wa kwaya naye analalamika kwamba niko mbele ya waimbaji, na tangu mwezi uliopita naumwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba la kulia. Linalonitia aibu zaidi ni mdogo wangu wa miaka 13. Hajui hata do iko wapi, lakini ananishinda kwenye gemu hiyo kila jioni. Je, gemu inaniharibia piano? Niifute? Au ninunue waya niunganishe kinanda na kompyuta, nitumie ile programu ya noti zinazoanguka, angalau nipate faida? Na kama mimi ni mpiga piano kweli, mbona nashindwa na mtoto?"

Mwanangu, nitaanza na gumba, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja lakini hilo haliwezi.

Misuli inayokunja na kunyoosha vidole, kwa sehemu kubwa, haiko kwenye vidole vyenyewe. Iko juu zaidi, kati ya kiwiko na kifundo, na nguvu yake husafiri kwa kano, zile kamba ngumu unazoziona zikicheza nyuma ya kiganja ukichezesha vidole. Kano mbili za gumba hupita pamoja ndani ya ala moja nyembamba kwenye kifundo, upande ule ule unaosema unauma. Sasa jitazame ndani ya matatu. Vidole vimebeba simu, magumba yanagonga, na gari likiruka tuta unaikaza simu isianguke. Gumba linashika na kugonga kwa wakati mmoja, tena kwa saa tatu. Ala ikichoshwa namna hiyo huvimba, na kano husuguana ndani yake kila unapolisogeza gumba. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1895 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sisemi ndio ulio nao. Hilo atalisema atakayeushika mkono wako. Ninachosema ni kwamba mazingira ya kuupata umeyatengeneza wewe mwenyewe, siku baada ya siku.

Kioo nacho hakikusaidii. Kibonye cha piano huzama karibu milimita 10, na kikifika chini kinapokelewa na kitambaa kizito cha sufi, kwa hiyo kidole kinapata njia ya kupunguza mwendo. Kioo cha simu hakizami hata kidogo. Tena kinahisi mguso tu, hakipimi nguvu: ukikigusa kama unyoya au ukikigonga kama mlango, alama ni zile zile. Lakini gemu ikipamba moto kila mtu hugonga, na nguvu hiyo yote ambayo hakuna aliyeiomba inarudi kwenye kiungo chako.

Kwa hiyo gemu ya magumba isimame leo, kwa wiki mbili kamili. Piano endelea nayo, ila kwa vipindi vya dakika 10 hadi 15 vyenye mapumziko katikati, na uache mara maumivu yanapoanza. Usimeze dawa ya kutuliza maumivu ili upate kupiga. Ukiyanyamazisha, hutajua unapojiumiza. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au ukiona uvimbe chini ya gumba, au ukiinua sufuria au kukamua nguo uliyoifua unahisi mchomo, nenda hospitali ukaonane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye leseni. Usingoje hata hizo wiki mbili ikiwa gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, au vitu vinakuponyoka mkononi. Hapo huenda ni neva inayobanwa kwenye kifundo, na neva haipendi kungojwa. Ukifika, mwambie unapiga kinanda, saa ngapi kwa siku, kisha toa simu umwonyeshe hasa unavyoishika. Nimeona wanafunzi wakitibiwa nusu nusu kwa sababu walisema tu "mkono unauma" wakaishia hapo.

Dalili moja zaidi nakutajia ingawa yako haifanani nayo, kwa kuwa haina maumivu na ndiyo maana watu huipuuza: kidole kinachojikunja chenyewe unapopiga, na kinachotulia ukifanya kazi nyingine. Mpiga piano wa Marekani, Leon Fleisher, alipatwa na hali hiyo katika miaka ya 1960 kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, akalazimika kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake kwa karibu miaka 30. Alijaribu kuishinda kwa kuongeza mazoezi, na ikazidi. Ukiiona kwako au kwa mwenzako, hiyo ni ya daktari wa mishipa ya fahamu, si ya mwalimu wa piano.

Sasa tuje kwenye swali lako kubwa. Gemu haiharibu piano kwa maana ya kukupokonya ulichojifunza. Skeli zako hazijafutika. Lakini si mazoezi ya bure kama ulivyodhani, kwa sababu inazoeza kazi nyingine, na tabia kadhaa za kazi hiyo zinakufuata mpaka kanisani.

Fikiria kinachotokea unapogusa kigae. Noti imeshachaguliwa, ukubwa wa sauti umeshaamuliwa, na hata kama ni kinanda kilichopigwa vizuri sana, kimepigwa na mtu mwingine. Mguso wako unafungua mlango tu, sauti ikatoka. Piano ilibuniwa kwa ajili ya jambo lililo kinyume kabisa na hilo. Bartolomeo Cristofori alipoitengeneza kule Florence, karibu mwaka 1700, alitaka ala ambayo kidole kinaweza kuipiga kwa sauti ndogo au kubwa, na jina lake linatokana na hayo maneno mawili ya Kiitaliano, piano na forte. Nyundo hurushwa kwenye waya, na kasi ya kibonye ndiyo huamua kasi ya nyundo. Kwa hiyo kila noti unayopiga ni uamuzi, na anayesimamia uamuzi huo ni sikio. Linasikia, linasahihisha, linaambia mkono noti ijayo iwe nyepesi zaidi. Ndani ya matatu, kwa saa tatu, sikio lako halina kazi. Macho yanatoa amri, gumba linatii, na muziki unapita kando kama zawadi. Tafadhali lishike hili la sikio, maana karibu kila jambo nitakalokuambia linarudi hapo.

Bluetooth inaongeza tatizo juu ya tatizo. Vipokea sauti vya namna hiyo huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 300. Ukitazama filamu hutambui, kwa sababu simu huichelewesha picha nayo ziende pamoja. Lakini kwenye gemu ambayo mguso wako ndio unaotoa sauti, hakuna ujanja: unagusa, kisha unangoja. Kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na noti ya robo pigo ni 125. Sauti ikichelewa 200, unapoisikia noti yako umeshagusa nyingine mbele yake. Imejulikana tangu zamani kwamba wapiga kinanda wazoefu wakicheleweshewa sauti yao kwa karibu robo ya sekunde huvurugika vibaya, kama mhubiri anayesikia mwangwi wa maneno yake kutoka ukuta wa nyuma. Wewe hukuvurugika. Maana yake ni nini? Umejizoesha kulipuuza sikio lako ili ushinde. Halafu Jumapili unakaa kwenye kinanda, na kwaya inakuambia iko wapi, na njia ya kuisikia umeshaizoesha kufungwa.

Aina ya gemu nayo ina uzito, kwa sababu si zote zinafanana. Gemu ya Piano Tiles iliyosambaa sana mwaka 2014 ilikuwa na safu nne tu, na uchezaji wake wa kawaida ulikuwa mbio: maliza vigae kwa muda mfupi kuliko wote. Thamani ya noti haikuwa na maana yoyote. Noti ya mapigo manne na ya nusu pigo zilikuwa kigae kimoja kimoja, na aliyekimbia ndiye aliyeshinda. Mtu akicheza hivyo kila siku kisha akaambiwa anakimbia, sishangai. Zilizofuata zilianza kuheshimu urefu wa noti, lakini nyingi huongeza kasi kidogo kidogo mpaka ukosee. Hapo ndipo mwalimu ndani yangu anaposhika kichwa. Kila mchezo unaishia mahali ambapo mikono imeshindwa. Kwenye piano tunafanya kinyume: tunashusha mwendo mpaka kifungu kitoke safi, tunakirudia kikiwa safi, na tunaacha kabla mikono haijachoka, kwa kuwa mkono hukumbuka ulichofanya, kiwe sahihi au la. Wewe unafunga kila kipindi kwa kosa, mara kumi kati ya Kayole na mjini.

Halafu kuna lile la kurudi mwanzo. Ukikosea kigae kimoja, mchezo unakatika na unaanza upya. Hii ndiyo tabia ngumu zaidi niliyowahi kupambana nayo kwa wanafunzi, hata kabla ya simu hizi kuja: akijikwaa kwenye mstari wa tatu, anarudi mstari wa kwanza. Anajua mstari wa kwanza kama jina lake, na wa nne hajawahi kuufikia akiwa mzima. Kanisani hakuna kurudi mwanzo. Watu mia mbili wamesimama wanaimba, ukikosa noti ya besi unaiacha ipotee na unawakuta kwenye pigo lijalo. Ujuzi huo wa kukosa na kuendelea hujengwa kwa mazoezi, na gemu ya namna yako inaubomoa kwa makusudi. Zipo nyingine ambazo wimbo hauachi kwenda ukikosa. Unapoteza alama, muziki unaendelea. Hizo, kwa hili moja, nazipenda zaidi.

Sitaki uondoke ukidhani hakuna jema. Mchezaji mzuri wa vigae hatazami kigae kinachogusika sasa. Macho yake yako juu, kwenye vile vinavyokuja. Anayesoma noti vizuri anafanya vivyo hivyo: macho yake hutangulia mikono kwa noti sita au saba hivi, huku msomaji dhaifu akitangulia kwa tatu au nne. Tabia ya kutazama mbele ni ya thamani. Ila vigae havikufundishi kusoma. Vinakuonyesha tu jinsi hali hiyo ilivyo, na kazi ya kuihamishia kwenye karatasi inabaki yako.

Na kuhusu mdogo wako: futa aibu hiyo. Ujuzi wa mikono hushikamana sana na kazi mtu aliyoujifunzia. Fundi cherehani wa Gikomba anayeshona suti kwa macho ya kuibia akipewa sindano ya kusukia vikapu atakuwa mwanafunzi kama wengine. Wewe una mzigo zaidi ya huo. Kwa miaka mingi mikono yako imejifunza kwamba noti ya juu iko kulia na ya chini iko kushoto, na uhusiano huo umekwenda ndani sana. Watafiti wakipima ubongo wa mpiga piano anaposikiliza piano tu, mikono ikiwa imetulia, sehemu zinazoendesha mikono huamka nazo. Sasa unacheza gemu, wimbo unaoujua unapanda juu, mkono wako unataka kwenda kulia, na kigae kinaanguka safu ya kushoto kabisa, kwa kuwa safu zile hazina uhusiano na kimo cha sauti. Kila mara unapaswa kuukataza mkono kabla hujautuma. Mdogo wako hana cha kukataza. Anaona cheusi, anagusa cheusi. Anakushinda kwa sababu wewe unasikia muziki na yeye anaona vigae.

Lakini nisilitwike gemu kila kosa, maana hili la kuwa mbele ya kwaya linaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Kinanda kiko wapi kanisani kwenu, na kwaya inakaa wapi? Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Kukiwa na mita 15 kati yako na waimbaji, sauti yako inawafikia ikiwa imechelewa karibu milisekunde 44, nao wakiimba sawasawa na wanachokisikia, sauti yao inarudi kwako na ucheleweshaji kama huo. Kwako itaonekana wanaburuta. Unasukuma ili uwaamshe. Wao wanaona unakimbia. Hakuna mwenye kosa. Omba spika ndogo iwekwe karibu na waimbaji, au kinanda kisogezwe, na umtazame mkono mwalimu wa kwaya badala ya kungoja kusikia. Jaribu hilo Jumapili moja kabla hujamlaumu mtu yeyote, ukiwemo wewe mwenyewe.

Sasa ule waya. Programu uliyoisikia huenda ni Synthesia, iliyoanza mwaka 2006 ikiitwa Piano Hero, au mojawapo ya zile zilizoifuata. Vinanda vingi vya leo vina tundu la USB la mraba kama la printa, na waya wake unapatikana Luthuli Avenue bila shida. Cha zamani chenye matundu ya duara ya MIDI, njia ya vinanda ya kutuma noti kwa kompyuta, kitahitaji kiunganishi. Tofauti yake na vigae vya simu ni kubwa. Unabonyeza vibonye halisi, vidole kumi vyote vina kazi, kulia ni juu na kushoto ni chini, unaweza kupunguza mwendo, na unaweza kufanya mkono mmoja kwa wakati mmoja. Kwa mtu asiye na mwalimu anayetaka kupiga wimbo mmoja anaoupenda, sina neno baya.

Kwako wewe, kabla ya mtihani, nina maneno. Programu hizi zina namna ya kukungoja: noti inasimama mpaka uipate. Ni starehe, lakini muziki unaongoja si muziki tena. Mapigo yanakufa, na ugonjwa uliokuleta kwangu ni wa mapigo. Pia noti zinazoanguka zinakuonyesha mahali pa kubonyeza, hazikuonyeshi wapi sentensi ya muziki inaanza na wapi inapumua. Karatasi inakuonyesha mstari mzima kwa mtupo mmoja wa jicho. Na tufanye hesabu ya mtihani wenyewe, ule wa vitendo wa ana kwa ana. Jumla ni alama 150 na kufaulu ni 100. Vipande vitatu vina alama 90, skeli na apejio (noti za kodi zikipigwa moja moja) 21, kusoma noti papo kwa papo 21, na majaribio ya usikivu 18. Alama 60 ziko mahali ambapo programu hiyo haifiki au inafika kwa shida. Hata zile 90, mtahini anasikiliza noti, mwendo, sauti, umbo la sentensi na uwasilishaji kwa ujumla. Noti na mwendo programu itakupimia kwa kiasi. Matatu yaliyobaki haiyajui. Kwa hiyo ushauri wangu: usinunue waya huo kwa ajili ya mtihani. Ununue baadaye, ukitaka, kwa furaha.

Unaona basi kwamba swali la kuifuta gemu si la ndiyo au hapana. Gumba limeshakuamulia wiki mbili, basi zitumie kujipima. Leo hii, kabla hujalala, weka metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 80 kwa dakika, piga nayo bari nane (vile visehemu vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye noti) za wimbo wowote wa ibada, kisha izime sauti na uendelee peke yako bari nane nyingine, halafu uirudishe. Programu nyingi za metronomu za simu zina uwezo wa kunyamaza na kurudi zenyewe. Sikiliza umeangukia wapi metronomu inaporudi: mbele yake, nyuma yake, au juu yake. Jirekodi, uandike tarehe. Rudia baada ya wiki moja na baada ya mbili, wimbo ule ule. Ukiwa umetulia zaidi, gemu ilikuwa na mkono wake katika jambo hili. Ukiwa bado unatangulia vile vile, chanzo kiko kwenye piano yenyewe, na mara nyingi huwa ni namba za vidole ambazo hazijatulia: mtu hukimbia kwenye sehemu rahisi kwa sababu anaiogopa ngumu inayokuja. Hilo mpelekee mwalimu wako na rekodi zote tatu. Atafurahi kuliko unavyodhani. Ni nadra mwanafunzi kutuletea ushahidi.

Na zile saa tatu za Jogoo Road? Hapa nina habari njema. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha jaribio la watu waliojifunza zoezi la vidole vitano kwenye kinanda, saa mbili kwa siku kwa siku tano. Kundi moja lilipiga kweli. Kundi jingine liliketi mbele ya kinanda na kupiga kwa mawazo tu, bila kusogeza kidole. Lililopiga kweli liliendelea zaidi, lakini lile la mawazo nalo liliendelea, na ubongo wake ulionyesha mabadiliko ya namna ile ile. Baadaye lilipopewa kipindi kimoja tu cha kupiga kweli, likalifikia lile la kwanza. Basi beba kipande chako cha mtihani kwenye mfuko. Fungua ukurasa mmoja, usikie kichwani mkono wa kushoto peke yake, kwa solfa kama mlivyozoea kwenye kwaya, huku ukihisi kidole gani kinakwenda wapi. Mahali ambapo sauti inakatika kichwani ndipo ambapo mkono hukwama. Weka alama ya penseli, na jioni anzia hapo hapo badala ya bari ya kwanza. Dakika 20 za kazi hiyo zinachosha kweli. Baada yake tazama nje, au ulale. Gumba linapumzika na sikio limepata kazi.

Gumba likipona kabisa na mtihani ukapita, sina ugomvi na gemu. Iweke simu mezani, usiishike hewani. Tumia vidole vya mikono yote miwili, magumba yakae pembeni. Gusa kwa wepesi kama unayepangusa vumbi. Tumia vipokea sauti vya waya. Chagua ile ambayo wimbo hauachi kwenda ukikosa. Na dakika 20 zinatosha. Usiicheze muda mfupi kabla ya kukaa kwenye kinanda. Maumivu yakirudi, hata kidogo, iache na urudi kwa aliyekutibu.

Mdogo wako naye usimwache. Mtoto wa miaka 13 mwenye macho yanayotazama mbele kiasi hicho, na asiyeogopa kasi, ana nusu ya kile ninachohangaika kuwapa wanafunzi wangu katika kusoma noti. Jumamosi hii, stima ikiwepo, mkalishe kwenye kinanda chako. Mwonyeshe do ya kati, umwambie aiguse kwa sauti ndogo kadiri awezavyo bila sauti kupotea, kisha kubwa, kisha ndogo tena, na akuambie amesikia nini.